Eda ya Mama Aproni

Kwa Mathias,
Kibaha, Pwani.
14 Juni 2025

Mpendwa binamu Latifu,

Asalaam alaykum. Kabla sijaanza kukuchokoza, nakujulia hali kama tulivyofunzwa. Mgongo umepoa? Mkeo na watoto hawajambo? Baridi ya huko imekuachia, au bado unavaa makoti mawili mawili kama kwenye ile picha uliyotutumia, ukafanana na gunia la mkaa lililofungwa vibaya?

Sisi huku wazima wa afya. Masika yametutendea haki, mihogo ya kijijini kwetu Msimbu mwaka huu imenona mpaka nguruwe pori wanaionea aibu kuila. Cherehani yangu bado inakohoa ila inashona. Naila, binti yangu, amekuwa mkubwa, sasa ananishauri mimi namna ya kuvaa.

Najua unashangaa barua ya karatasi zama hizi. Evaline, binti wa jirani yangu Marselina, anakuja kusoma mji mmoja na wewe, nikaona nimpe mzigo. Korosho ni zako, ukwaju wa mkeo, barua usome peke yako umekaa chini. Habari yenyewe ni kubwa, haitoshi kwenye simu, na nimewakataza watu wote wa Msimbu kukudokezea. Kuweka siri Msimbu ni sawa na kuweka maji kwenye pakacha, lakini safari hii wameweza.

Tumeshinda, binamu! Mama yako anasikika kwenye televisheni. Sauti yake inatoka humo ndani ya sanduku, na hapa Kwa Mathias watu wanaacha kununua vitu ili wamsikilize.

Sasa ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Unajua hali ilivyokuwa. Tangu baba yako, Mzee Abdala, atangulie mbele ya haki, mama yako, Shangazi Siwema, alikaa eda yake kama sheria inavyotaka, eda ikaisha, akabaki kimya. Hakuwa na homa wala presha. Alikuwa anapika, anafagia, anaswali, ila maneno hayatoki. Ukimsalimia anaitika marahaba, basi. Wewe mwenyewe ulikuwa unapiga simu kila Jumapili unaishia kusikiliza pumzi zake, mpaka ukaanza kupanga kumchukua akakae nawe huko. Mimi nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, shangazi yangu aongee tena. Nilishajaribu kila dawa, pamoja na umbea, na unajua mimi kwenye umbea si mchezo.

Dawa ilitoka huko huko Marekani kwenu.

Unaikumbuka ile tamthilia ya Mzee Kofia? Huwezi kuisahau, umekulia ndani yake. Kwa faida ya mkeo, msimulie hivi: zamani baba yako alikuwa na banda la video pale Msimbu, jenereta moja, deki moja, na rundo la kanda alizouziwa na mzungu wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao. Humo kulikuwa na tamthilia ya zamani ya Kimarekani, isiyo na rangi, ya familia moja na vituko vyake. Majina yao ya kizungu hatukuyaweza. Baba wa familia tukamwita Mzee Kofia, kwa sababu alikuwa hatoi kofia hata mezani, jambo lililowaudhi sana bibi zetu. Mke tukamwita Mama Aproni. Yule mwanamke wa nyumba ya pili, wa kuja kuomba sukari kila siku, tukamwita Jirani.

Kila mahali picha hutafsiriwa na mtu mmoja, anasema sauti ya stelingi, ya adui, ya mtoto na ya mbwa. Msimbu ilikuwa tofauti. Baba yako alikataa katakata kusema "mpenzi wangu" kwa sauti ya kike mbele ya mashemeji zake. Akamkalisha mama yako pembeni yake, yeye akawa Mzee Kofia, mama yako akawa Mama Aproni. Kizungu chenyewe walikuwa hawakijui sana, lakini walikuwa wanaijua ndoa, na hiyo iliwatosha.

Kisha ikaja ile kanda. Unaikumbuka? Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mwingine kabisa, mwembamba, akatundika kofia, akakaa kwenye kiti cha Mzee Kofia, na Mama Aproni akampakulia chakula huku anacheka. Hakuna aliyeshtuka humo ndani ya picha, hata watoto wake. Banda zima likapiga kelele. Huyu nani? Mwenye kiti yuko wapi?

Baba yako akasimamisha deki, akasimama, akasema Mzee Kofia amefariki, na huyu ni mdogo wake, amemrithi mjane. Wanaume wakaridhika. Wanawake wakauliza, na eda je? Jana tu tumemwona na mumewe, leo anachekacheka na shemeji? Baba yako akazima jenereta, akatangaza kwamba Mama Aproni amekaa eda na asisumbuliwe. Miezi yote hiyo akatuonyesha picha za karate. Siku mjane alipotoka eda, wanawake walipika wali wa nazi wakauleta bandani, wewe ukala mpaka ukavimbiwa ukabebwa mgongoni.

Wenye tamthilia yao huko, kumbe, walibadilisha mwigizaji tu. Hilo nimelijua mwaka huu, na bado naona maelezo ya baba yako yalikuwa bora.

Turudi kwenye ushindi. Mwezi wa pili hapa Kibaha kituo kimoja kidogo cha televisheni kilitangaza kwamba kimepata ruhusa ya kurusha tamthilia za zamani za Kimarekani, na kinatafuta watu wa kuziingizia sauti za Kiswahili. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa hiyo hiyo ya Mzee Kofia. Niliposikia nilikuwa nashona suti ya harusi, nikajidunga sindano.

Nikaenda Msimbu siku ya pili. Shangazi alikuwa anamenya mihogo. Nikamwambia habari yote, kimya. Nikamwomba, kimya. Nikafungua simu, nikamwekea kipande kidogo cha tamthilia hiyo, alichokitafsiri DJ Bilali, yule maarufu wa Dar. Kwenye kipande hicho Mama Aproni anamkaripia mtoto aliyevunja sahani, na Bilali akamtia maneno makali, nusu matusi.

Shangazi akaacha kumenya. "Hasemi hivyo," akaniambia. "Mama Aproni hatukani watoto."

Latifu, niliruka nikamwaga beseni la mihogo. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima. Nikamwambia basi njoo Kibaha uwaonyeshe anavyosema. Akaangalia mihogo iliyomwagika, akaniambia kwanza niiokote.

Nikaunda kundi. Mama Aproni ni shangazi. Watoto wa Mama Aproni, wote watatu, ni Naila, kwa kuwa nyumbani pia ana sauti tatu kutegemea anataka nini. Jirani wa kuomba sukari ni mimi, na usicheke. Wa kuingia nafasi ya baba yako tulimpata Mzee Mwinyijuma, yule mwadhini mwenye sauti ya kutikisa bati. Usinune, binamu. Ana wake wawili na wa tatu hamuwezi.

Tulifanya mazoezi kwenye kibaraza cha mama yako kila alasiri. Mbele ya picha alikuwa anasema maneno ya Mama Aproni vizuri kabisa. Picha ikizimwa, anarudi kwenye ukimya wake kama aliyeingia chumbani na kufunga mlango. Mzee Mwinyijuma alianza kukata tamaa. Mimi nilisema mwanamke anayeweza kumsemea mwenzake, yake pia yapo njiani.

Siku ya usaili tulikodi Noah, tukaja Kibaha tumevaa vitenge vya sare nilivyoshona mwenyewe. Ukumbi ulijaa. Vikundi vilikuwa vingi, vijana wa sanaa, walimu, wafanyakazi wa maofisini, na DJ Bilali mwenyewe na miwani yake ya jua humo ndani. Marselina alikuja kutushangilia na rozari mkononi, akaniambia atatuombea kwa njia yake na sisi tuombe kwa yetu.

Meneja wa kituo, Bernard, mtu mpole aliyenyooka kama rula, akatangaza kwamba ili asipendelewe mtu, vikundi vyote vitapewa kipande kimoja ambacho hakuna aliyepewa akifanyie mazoezi. Karatasi za maneno ya Kiswahili zilikuwa zimeandaliwa na Margareth, mfasiri wao. Kazi yetu ilikuwa kusoma kwa kufuata midomo.

Bilali akatangulia. Sisi tulikuwa nje tukisubiri zamu, tukawa tunasikia vicheko tu. Alifanya vizuri, simdhulumu.

Zamu yetu ikafika. Tukavaa hedifoni, tukasimama mbele ya vipaza sauti. Picha ikaanza. Jiko, Mama Aproni anakoroga sufuria. Mlango ukafunguliwa.

Akaingia yule mwembamba.

Kati ya vipande vyote vya tamthilia ile ndefu, wametupa hicho. Akatundika kofia, akaenda kukaa kwenye kiti. Karatasi ya shangazi ilisema amkaribishe mpenzi wake, amwambie amechelewa na chakula kimepoa. Shangazi alitazama skrini, akatazama karatasi. Midomo ya Mama Aproni inacheza, sauti hakuna. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Nikaona Bernard anaandika kitu. Nikajisemea tumekwisha, na zaidi ya hapo nimemuumiza shangazi yangu mbele ya watu, sasa hataongea tena mpaka kiama.

Kwenye picha Mama Aproni akageuka kupakua chakula, akatupa mgongo. Midomo yake haionekani tena. Hapo shangazi akaiweka karatasi chini.

"Karibu, shemeji," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu alisikia. "Kaa. Kiti hicho ni cha kaka yako, ila siwezi kukuacha umesimama. Kula. Sura yako sijaizoea, na usinikimbize kuizoea. Nikikosea nikakuita kwa jina lake, wewe itika tu, usinisahihishe. Nimekaa na yule bwana miaka mingi, alikuwa anaongea, naongea, anaongea, naongea. Sasa nikisema neno hakuna wa kulipokea, ndiyo maana nimenyamaza. Si kwamba sina la kusema."

Mzee Mwinyijuma alikuwa na karatasi yake ya kuuliza habari ya nyama. Akaikunja. "Nitaitika, shemeji," akasema kwa ile sauti yake ya adhana. "Wewe sema tu."

Na yule mwembamba kwenye skrini, wallahi, akainua kichwa wakati huo huo.

Kisha ikawa zamu yangu. Jirani anaingia kuomba sukari. Nilikuwa nalia machozi ya kweli, makamasi yananitoka, nikasema, "Jirani, hodi, nimekuja kuomba sukari," kwa sauti ya mtu aliyefikisha taarifa ya msiba. Ukumbi mzima ulikuwa umeshaanza kulia, sasa ukapasuka kwa kicheko. Watu wanalia na kucheka kwa pamoja, mama mmoja wa ofisi ya ardhi akapaliwa na soda.

Tulipomaliza, Bernard akasimama. Akamuuliza Margareth kama maneno yale yalikuwemo. Margareth akajibu hayakuwemo, huku anafuta macho. Bernard akasema kwa huzuni kwamba masharti ni kufuata maandishi. Nikaona tumeshindwa, na kusema kweli sikujali tena, kwa sababu shangazi alikuwa ameshasema.

Aliyetuokoa ni Bilali. Akavua miwani, akasimama. "Bosi, sikia," akasema. "Mi natafsiri picha tangu sijaota ndevu. Huyo mshkaji mpya nimempitisha hapo mlangoni sasa hivi, ukumbi mzima mkacheka, hakuna hata mmoja aliyeuliza yule wa kwanza kaenda wapi. Bi mkubwa kauliza. Mpe kazi, mi nasepa." Akaja kwa mama yako, akainama, akampa shikamoo ya mikono miwili.

Basi, binamu, sikiliza vigelegele vilivyopigwa! Bernard akacheka kwa mara ya kwanza, akasema kipande hicho kibaki kama kilivyosemwa, na vingine vyote tutafuata karatasi. Shangazi akakubali, ila naye akaweka sharti lake. Kituo kisirushe kipande cha mume mpya bila watazamaji kuambiwa kwanza habari ya mume wa zamani. Bernard alijaribu kueleza kwamba ni mwigizaji tu aliyebadilishwa. Shangazi akamuuliza kama nyumbani kwake akibadilishwa yeye, angependa watu waendelee kula tu. Meneja akasaini.

Nasi tukaingia kazini, na tamthilia ikaanza kurushwa Aprili. Siku ya zamu ya mume mpya ilipofika, wiki iliyopita, kituo kikaweka maandishi kwenye skrini kwamba Mzee Kofia ametutoka, na mjane wake anawashukuru wote. Asubuhi yake watu walikuja kituoni na vifurushi vya sukari na unga. Kijana wa mapokezi alidhani kuna mtu wao amekufa, akaanza kulia naye. Marselina akaniuliza kwa siri avae nguo gani akienda kuhani. Hapa Kwa Mathias muuza chipsi alizima redio yake kwa heshima, na huyo hajawahi kuizima hata kwa adhana.

Evaline alitutafutia habari za waigizaji wenyewe kwenye mtandao. Mzee Kofia kwa jina lake ni Harlan Beecham, aligombana na wakubwa wake akaondoka, akaishia kuuza magari, akafa mzee. Yule mwembamba ni Merrill Stoddard, alikuwa mwimbaji wa majukwaani. Na Mama Aproni ni Nadine Culver. Alikuja kusema uzeeni kwamba asubuhi ile alifika kazini akamkuta mtu mgeni kwenye kiti, akaambiwa amchekee, na hakuna aliyempa hata dakika ya kumsikitikia mwenzake. Mama yako alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maskini. Si ndiyo maana nilimsemea?"

Nadine mwenyewe anaishi bado, ni mkongwe sana, kwenye nyumba ya wazee huko huko kwenu. Mama yako anaagiza umfikishie salamu zake. Nilimwambia Marekani ni kubwa, akanijibu kwamba hata Kisarawe ni kubwa na watu wanafikishiana salamu. Kwa hiyo tafuta njia.

Siku ile ya ushindi tulirudi Msimbu usiku umeingia. Shangazi alikaa nami kiti cha nyuma. Alianza kuongea tulipotoka Kibaha. Aliongea habari za baba yako, walivyokutana, alivyokuwa anakoroma, jenereta lilivyowahi kumuunguza nyusi. Akalitaja jina lake, Abdala, Abdala, Abdala, ambalo tangu mazishi hatukulisikia mdomoni mwake. Naila akalala, Mzee Mwinyijuma akalala, mimi nikaanza kusinzia, akanipiga kiwiko niamke amalizie. Nilikuwa nimechoka hoi na sijawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Habari ya kumchukua akakae nawe huko, amekataa. Anasema ana kazi, Mama Aproni bado ana miaka mingi ya kuishi kwenye tamthilia hiyo, na kama unamtaka, njia ya kuja Msimbu unaijua. Nilimwomba ajifanye kimya kwenye simu zako mpaka barua hii ikufikie. Amevumilia, lakini Jumapili iliyopita nilikaa nimemshika mkono nikimfinya kila alipotaka kukujibu.

Nisalimie mkeo, wape watoto mabusu ya shangazi yao. Naila anakusalimu, na anaomba viatu, rangi yoyote. Mzee Mwinyijuma anakusalimu na kusema hana nia mbaya. Marselina anakusalimu ingawa hamjuani, anakuomba umwangalie Evaline wake asije akasahau kula. Mungu akulinde na hiyo baridi, akujaalie riziki ya halali na uso wa kutazamwa nyumbani.

Ukishasoma, mpigie mama yako. Safari hii usimwombe aongee. Kaa kitako, shika kikombe chako cha chai, na ukipata upenyo wa kusema, sema haraka.

Ni mimi binamu yako, nisiyechoka kukuchokoza wala kukupenda,

Maulida